Tufungulieni katalogi kwa Kiswahili: barua ya wazi kwa wakuu wa maktaba yetu

Kwa Mkutubi Mkuu, kwa wanachama wa Bodi, na kwa ofisi inayosimamia mitambo ya maktaba.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kama mwalimu wa Kiswahili wa hapa Nairobi na msomaji wenu wa miaka mingi. Kabla ya kurudi darasani nilifanya kazi miaka tisa katika maktaba ya chuo, nikiorodhesha vitabu, kwa hiyo mengi ya ninayoyasema nimeyashika kwa mikono yangu. Maktaba yetu sitaitaja kwa jina. Sitafuti mtu wa kuaibisha, na najua hali hii haiko kwenu peke yenu.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuja na wanafunzi sita wa Kidato cha Tatu. Walikuwa wanajiandaa kwa Karatasi ya Tatu, ile ya fasihi, na ushairi unawatesa. Niliwaambia wasiniulize mimi, waiulize maktaba. Kompyuta ya katalogi, yaani ya kutafutia vitabu vilivyomo maktabani, iko karibu na mlango, mkono wa kushoto, na herufi A kwenye kibodi yake imefutika kabisa. Msichana mmoja akakaa, akaandika kwa kidole kimoja: vitabu za ushairi. Skrini ikamjibu kwa Kiingereza kwamba hakuna kilichopatikana. Akageuka akaniona nimesimama nyuma yake, akajisahihisha haraka, maana anamjua mwalimu wake: vitabu vya ushairi. Jibu likawa lile lile. Akainuka, akawaambia wenzake, "Hapa hawana."

Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwenye rafu ya 896.392, namba ya fasihi ya Kiswahili, na diwani za mashairi nilikuwa naziona kwa macho yangu, migongo yake imepauka kwa jua la dirishani. Nilimshika mkono nikampeleka. Alichukua mbili akaketi nazo mpaka saa saba. Lakini mimi sitakuwa nyuma ya kila mtoto anayekaa kwenye kompyuta ile, na anayesema "hapa hawana" mara mbili, mara ya tatu haji.

Nieleze kinachotokea nyuma ya skrini, kwa sababu baadhi yenu mmekuja kwenye uongozi huu kutoka kazi nyingine na si lazima muwe mnakijua. Katalogi haisomi vitabu. Inasoma rekodi, yaani ile kadi ya kielektroniki ambayo mworodheshaji aliijaza: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka, mada. Rekodi hizo hufuata mpangilio uitwao MARC, uliobuniwa na Henriette Avram katika Maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1960, na mpaka leo maktaba nyingi duniani zinautumia. Msomaji akiandika maneno matatu, mfumo unatafuta rekodi yenye maneno yote matatu. Likikosekana moja, rekodi hiyo inaachwa. Sasa diwani ya mashairi ina jina lake tu kwenye jalada. Haiandikwi "vitabu vya". Na pale kwenye mada, ambapo neno ushairi lingetarajiwa, pamejazwa "Swahili poetry", kwa kuwa mada hunakiliwa kutoka orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Yule msichana ilimbidi kwanza akitafsiri anachokitaka kwa Kiingereza, ndipo aonyeshwe kilichoandikwa kwa Kiswahili.

Hata neno "za" lilimponza. Mtoto wa Nairobi husema vitabu za hadithi, na mimi humsahihisha darasani kwa sababu ni kazi yangu. Katalogi haina kazi hiyo. Kazi yake ni kumfikisha msomaji kwenye kitabu, alivyosema na alivyokosea.

Kuna shida nyingine iliyo ndani ya lugha yenyewe. Kiingereza kwa kawaida hubadilisha neno mwishoni, kwa hiyo mfumo ukikata mkia, umoja na wingi vinakutana. Programu za katalogi zina kifaa cha kukata mikia namna hiyo, na kimetengenezwa kwa lugha za Ulaya. Kiswahili hubadilika kichwani: mtoto, watoto, kitabu, vitabu, ukuta, kuta, jino, meno. Ukiikata "vitabu" mkiani ukabakiwa na "vita", hujakikaribia kitabu hata kidogo. Unaletewa vitabu vya vita. Anayetafuta methali amesalimika, maana methali ni ile ile ikiwa moja au mia. Anayetafuta "visasili" wakati rekodi imeandikwa "kisasili" anarudi mikono mitupu, na hakuna kinachomwambia kwamba alikosa kwa silabi moja.

Nilipouliza kwenye dawati mwaka jana, niliambiwa tusubiri mfumo mpya. Naomba tusisubiri. Mfumo tulio nao unatosha, na hili ndilo hasa lililonifanya niandike.

Tunatumia Koha, programu ya kuendeshea maktaba na katalogi yake; jina hilo lipo chini ya ukurasa wa katalogi, kila mtu analiona. Koha iliandikwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya Horowhenua Library Trust, maktaba za wilaya isiyo kubwa, zilizoogopa kwamba mfumo wao wa zamani ungekwama mwaka 2000 ukiingia. Ilianza kazi Januari 2000, kisha ikatolewa bure kwa dunia nzima pamoja na msimbo wake. Kwa Kimaori koha ni zawadi, na si zawadi ya kupokea ukanyamaza. Desturi yake inamtaka aliyepewa naye siku moja arudishe kitu.

Waliouandika mfumo huu walijua kwamba kila maktaba itataka sura yake. Ndiyo maana upande wa wafanyakazi kuna visanduku vilivyoachwa wazi makusudi. Kimoja kinaitwa OPACUserCSS: humo unabadilisha rangi, ukubwa wa herufi, nini kionekane na nini kifichwe. Kingine ni OPACUserJS, cha kuupa ukurasa, kwa msimbo wa JavaScript, tabia ambayo haukuwa nayo. Halafu kuna sehemu za matini za kuweka juu, katikati, pembeni na chini ya ukurasa, na katika matoleo ya miaka ya karibuni kila sehemu inaweza kuandikwa kwa lugha zaidi ya moja, msomaji akaona ile aliyoichagua. Yanayowekwa humo hukaa kwenye hifadhidata. Mfumo ukipandishwa kwenda toleo jipya, yanabaki.

Hilo la kubaki nalisisitiza kwa sababu nimeiona hasara yake. Katika chuo nilikofanyia kazi, kijana mmoja hodari aliingia kwenye seva akahariri mafaili yenyewe ya kurasa. Katalogi ikapendeza, tukampongeza. Miezi kadhaa baadaye toleo jipya likawekwa, na kazi yake yote ikafunikwa usiku mmoja. Kijana alikuwa ameshapata kazi kwingine, na hakuna kati yetu aliyejua alibadilisha nini wala wapi. Tulikaa wiki nzima tukijaribu kukumbuka ukurasa ulivyokuwa. Kuanzia hapo tuliweka daftari: kila badiliko lina tarehe, jina la aliyelifanya na sababu yake. Daftari la kawaida la jalada gumu, lenye mistari. Naomba na ninyi muwe nalo kabla ya jambo lingine lolote.

Na kisanduku cha JavaScript kitumiwe kwa hadhari. Msimbo unaowekwa humo hushikilia sehemu za ukurasa kwa majina yake ya ndani, na majina hayo yanaweza kubadilika toleo jipya likija. Asubuhi msimbo unaamka hauna cha kushika. Yanayoweza kufanywa kwa matini tu au kwa CSS tu yafanywe hivyo, na mengine yajaribiwe kwanza kwenye seva ya majaribio.

Sasa lugha ya ukurasa wenyewe. Kiswahili cha Kenya kimo kwenye orodha ya lugha za mradi wa kutafsiri Koha, kwa alama sw-KE. Msimamizi wa seva anakiweka kwa amri moja, kisha kwenye mipangilio mnaamua kionekane kwa wasomaji, na kitufe cha kuchagua lugha kinajitokeza. Maneno ambayo hayajatafsiriwa yataendelea kuonekana kwa Kiingereza mpaka mtu ayajaze. Hapo ndipo ninapoona zamu yetu ya kurudisha zawadi. Nairobi haikosi watu wanaojua kusema jambo kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Lakini tafsiri ifanywe na watu walioketi karibu na wasomaji. Kuna mzee mmoja, fundi seremala aliyestaafu, ambaye huja karibu kila Alhamisi. Alitaka kitabu cha ufugaji wa nyuki, na nakala zote zilikuwa zimeazimwa. Akaniletea simu yake, miwani imekaa kwenye ncha ya pua, akaniuliza, "Mwalimu, hapa ni wapi nitawaambia waniwekee?" Kitufe kilikuwa mbele yake, kimeandikwa "Place hold". Nikamwonyesha, akabonyeza, akashukuru, akaenda zake. Mimi nikabaki nikilitafakari neno alilolitumia. Niwekee. Ndilo neno tunalomwambia mama mboga asubuhi tukikimbilia matatu: niwekee sukuma, nitapitia jioni. Kila mtu mjini humu analijua, linasema kwamba kitu ni cha mwenye duka bado, kwamba nimekitaka, kwamba nitakuja, na kwamba nisipokuja atampa mwingine. Hicho ndicho kitufe kile kinachofanya, hatua kwa hatua. Nimewahi kuona mapendekezo kama "weka zuio" na "shikilia", na yote mawili yanamfanya msomaji afikiri ameshtakiwa. Kitufe kiandikwe "Niwekee kitabu hiki".

Kwa njia hiyo hiyo, kitabu kilichotoka kiandikwe "Kimeazimwa", na tarehe kinayotarajiwa kurudi ifuate hapo hapo. Kile kisichotolewa nje kiandikwe "Kinasomewa humu ndani". Nakala iliyopo iandikwe "Kipo rafuni". Msiyapeleke maneno haya kwenye mashine ya kutafsiri mkayabandika yalivyotoka. Neno moja la kitufe halina sentensi ya kuliongoza, na mashine hubahatisha.

Kuhusu rafu. Mtu akishakipata kitabu kwenye skrini, anaonyeshwa 896.392 na herufi tatu za mwandishi. Sisi tuliofanya kazi maktabani tunaona pale fasihi ya Kiswahili. Yeye anaona kitu kama namba ya simu iliyokatika. Koha ina orodha ya maelezo ya mahali vitabu vilipo, na kila ingizo lina nafasi mbili, moja ya wafanyakazi na nyingine ya kuonyeshwa wasomaji. Kwenu nafasi ya wasomaji imejazwa vifupisho. Ijazwe maneno: "Ghorofa ya kwanza, mkono wa kushoto ukipita ngazi, rafu za dirishani." Haihitaji msimbo hata mmoja. Mtu mmoja azunguke jengo na karatasi, arudi, akae, aandike.

Na rekodi nazo. Hapa nawasema waorodheshaji wenzangu kwa upendo, kwa sababu nimefanya kosa hili mwenyewe. Ndani ya kila rekodi kuna msimbo wa lugha wa herufi tatu: swa kwa Kiswahili, eng kwa Kiingereza. Unapofungua rekodi mpya, mfumo ambao haujaelekezwa vingine unaujaza eng wenyewe. Mworodheshaji akiwa na rundo la vitabu mia mezani na saa kumi inakaribia, hapagusi. Ndiyo maana kitabu cha Kiswahili kutoka jalada hadi jalada kinaweza kukaa kwenye katalogi miaka kumi kikisema ni cha Kiingereza. Ukiweka kwenye ukurasa wa mbele kitufe kikubwa cha "Vitabu vya Kiswahili", jambo ambalo ni kiungo kimoja tu cha utafutaji wa swa, vitabu hivyo vilivyoandikishwa vibaya havitatokea. Kwa hiyo kitufe na usafishaji wa rekodi viende pamoja. Anzeni na rafu za 496.392 na 896.392, lugha na fasihi. Huko msimbo wa eng utakuwa na makosa mengi, na Koha inaweza kubadilisha rekodi nyingi kwa mpigo mmoja baada ya mtu kukagua orodha.

Wakati rekodi zimefunguliwa, ziongezwe na maneno ya mada ya Kiswahili. Uga wa 653, sehemu mojawapo ya rekodi, upo kwa ajili ya maneno huru, yasiyotoka kwenye orodha ya mtu yeyote: ushairi, mashairi, diwani, tenzi. Mkiandika umoja na wingi kwa pamoja, kisasili na visasili, ile silabi moja haitamkosesha mtu kitabu tena. Ni kazi ya polepole, sikatai. Lakini rafu ya fasihi ya Kiswahili si bahari. Watu wawili wanaweza kuimaliza kabla ya likizo ya Agosti. Na maneno kama "vya", "za", "ya" na "kwa" yanaweza kuondolewa na msimbo mfupi kabla utafutaji haujapelekwa. Huo ndio msimbo pekee wa JavaScript ninaouombea nafasi kwa moyo wote.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: kibainishi cha ng'. Simu nyingi, ukiandika ng'ombe, huweka alama iliyopinda, na rekodi zetu zina alama iliyonyooka. Kwa jicho la mtu ni kitu kimoja. Kwa mfumo, kutegemea faharasa yake ilivyopangwa, yanaweza kuwa maneno mawili yasiyojuana. Herufi za Gĩkũyũ zenye alama juu zina shida ya namna hiyo hiyo, maana anayetafuta kwa simu huandika i na u za kawaida. Faharasa za Koha zinaweza kupangwa zizione alama hizo kuwa sawa. Mwambieni fundi wenu aijaribu kwa neno moja, ng'ambo, kwa alama zote mbili, na aone kama majibu yanalingana.

Nina mwenzangu shuleni ambaye haoni. Anasoma tovuti kwa programu inayotamka yaliyo kwenye skrini. Inaitwa NVDA, ni ya bure, na sauti inayokuja nayo ina Kiswahili. Programu hiyo huangalia lebo ya lugha iliyofichwa kwenye ukurasa. Ukurasa ukijitambulisha kuwa wa Kiingereza, majina ya vitabu vya Kiswahili husomwa kwa ulimi wa Kiingereza. Nilikaa naye alasiri moja, kila mtu na spika ndogo moja sikioni. Jina la kitabu ambacho amekifundisha miaka mingi lilisomwa mara tatu kabla hajalitambua. Alipolitambua alinyamaza, kisha akaniambia tuendelee na kazi. Mkiwasha Kiswahili kwenye katalogi, lebo hiyo hubadilika yenyewe pamoja na ukurasa.

Picha za hafla zilizo juu ya ukurasa naomba ziondolewe au zipunguzwe uzito. Wasomaji wengi wanakuja kwa simu na bando la siku, na wanalipia picha za utepe kukatwa kabla ya kuona kisanduku cha kutafutia. Na rangi ya machungwa hafifu kwenye weupe haisomeki juani. Kanuni za kimataifa za tovuti zinataka maandishi ya kawaida yazidi mandhari yake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, na kuna vikokotoo vya bure vya kupima.

Najua nitaulizwa kwa nini haya yote, wakati kila anayekuja maktabani amesoma na Kiingereza anakijua. Fundi yule wa nyuki anasoma Kiswahili vizuri kuliko wanafunzi wangu, na Kiingereza chake ni cha vipimo vya mbao. Kiswahili ni somo la lazima la KCSE. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kifungu hicho hicho kinaitaka Serikali kukuza lugha za wenyeji, Lugha Ishara ya Kenya, Breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafikia watu wenye ulemavu. Jedwali la Nne limeziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Ninachoomba kimeshaandikwa, na wengi wenu mliapa kukilinda.

Marehemu baba yangu alikuwa tarishi katikati ya mji miaka ya hamsini. Alikuwa akipita mbele ya Maktaba ya McMillan, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa 1931 na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Alitusimulia kwamba alijua idadi ya ngazi zake kwa kuzitazama tu kutoka barabarani. Maktaba ninayoiandikia si hiyo, na leo wasomaji wa McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara ni watoto wa mji huu wote. Namkumbuka baba kwa sababu msichana yule aliinuka kwenye kompyuta bila kugombana na mtu. Aliamini aliyoambiwa na skrini, akaondoka zake.

Ombi langu ni hili. Mpeni mkutubi wenu wa mifumo ruhusa ya maandishi ya kubadilisha ukurasa wa katalogi, na mumwondolee kazi ya dawati alasiri mbili kwa wiki. Ninamfahamu kwa sura, ana uwezo, na nimemsikia akisema hawezi kugusa kitu bila kibali kutoka juu. Kibali hicho kiko mikononi mwenu, na hakihitaji zabuni wala mkandarasi. Kabla hajaanza, anakili ukurasa wote ulivyo sasa na kuuhifadhi, ili kisichofaa kirudishwe. Kisha awaite wasomaji watano au sita waketi mbele ya skrini, awape kitabu cha kutafuta, na asiwasaidie. Aangalie wanachokiandika. Mtu mmoja awe kijana, mmoja awe mzee, mmoja awe haoni. Saa moja ya kuwatazama itamfundisha zaidi ya barua hii.

Mimi nitajitolea kwenye tafsiri, na nina walimu wenzangu watatu walioahidi kuja. Nimeshanakili kwa mkono kila neno la Kiingereza ninaloliona kwenye katalogi yenu, kuanzia kitufe cha kuingia mpaka mstari wa mwisho chini ya ukurasa, na mbele ya kila neno nimeandika la Kiswahili ninalolipendekeza. Safu ya tatu nimeiacha tupu, ili wasomaji waandike neno lao pale ambapo langu halikai vizuri mdomoni. Karatasi hizo ziko kwenye bahasha ya kaki niliyoiacha kwenye meza ya mapokezi Jumanne asubuhi, imeandikwa "Katalogi".

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nitakuja tena na wanafunzi wale sita. Yule msichana amekubali kurudi, na amesema safari hii anatafuta tenzi.

Wenu katika kazi ya vitabu,

Mwalimu wa Kiswahili na msomaji wenu,
Nairobi